Tambi kwa kamba na mchicha: maswali niliyoulizwa jikoni Malindi

Kikundi cha kina mama hapa Malindi kiliniomba nikapike nao tambi kwa kamba na mchicha. Baadhi yao wameipika miaka na miaka katika hoteli na majumba ya Waitaliano, ila makwao haipikwi: ni chakula cha wageni. Kazi yangu ni lishe, upishi nimejifunza kwa kuunguza. Maji hayajachemka, maswali yakaanza. Nimeyaandika yaliyojirudia, na mawili matatu niliyoulizwa pembeni baada ya sahani kuoshwa.

Kwani tambi ni chakula chetu? Wali una kosa gani?

Wali hauna kosa. Na tambi si ngeni hivyo: bibi zetu walizikaanga, wakazitia nazi, sukari na iliki, na magharibi ya Ramadhani zikawa mezani. Ugeni ni kuzila na chumvi. Hilo kwa hapa kwetu lina uhusiano na Waitaliano walioanza kuja miaka ya 1960 na kituo chao cha kurushia satelaiti pale Ngomeni, San Marco. Ndiko ilikorushwa satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Na Ngomeni hiyohiyo ndiyo tunayoisifia kamba.

Kwa mwili, tambi na wali zote ni wanga. Tambi ikiepuliwa ingali ngumu kidogo katikati, sukari hupanda damuni polepole kuliko ikipikwa hadi ikavurugika. Mwenye kisukari anaweza kuila, ila apime: gramu 60 hadi 80 za tambi kavu zinamtosha mtu mmoja, na nusu ya sahani iwe mboga. Tunachokosea ni mlima wa tambi na kamba watatu juu yake kama mapambo.

Tupe vipimo basi.

Kwa watu watano: pakiti ya tambi ya gramu 400, kamba nusu kilo, mafungu mawili ya mchicha, tungule (nyanya) nne zilizoiva, punje nne za kitunguu thomu (saumu), pilipili moja ukipenda, mafuta ya uto vijiko vitatu vya mezani, ndimu moja. Ukiwa na mafuta ya zeituni, vyema. Usipokuwa nayo, usikope pesa kwa ajili yake.

Menya kamba, toa ule uzi mweusi wa mgongoni. Tambi zikiwa jikoni, kaanga thomu kidogo tu, asigeuke rangi ya kahawia, maana huwa mchungu. Tia tungule zilizokatwakatwa, ziache zilainike dakika tano au sita. Kisha kamba, dakika tatu hivi, wageuke wawe wekundu na nyama yao iwe nyeupe isiyopitisha mwanga. Mchicha uingie mwisho, dakika mbili. Chota kikombe cha maji ya tambi kabla hujayamwaga: yale maji mazito ndiyo yanayoishikisha sosi na tambi. Changanya, epua, ndipo ukamue ndimu. Ndimu ikichemshwa hupoteza vitamini C, na ladha pia.

Msimu wa kusi, bahari ikichafuka na kamba wakiwa adimu, tumia ngisi. Huyo ama umpike dakika mbili, ama umwache kwa moto mdogo hata dakika arobaini. Katikati ya hapo utatafuna mpira.

Kamba wazuri nitawajuaje?

Hili ndilo swali nililotamani liulizwe kwanza. Watu huniuliza kolesteroli, na huku kamba wamekaa kwenye ndoo isiyo na barafu tangu asubuhi. Mara nyingi aliyeumwa na tumbo kwa kamba ameumwa na saa zilizopita kati ya pwani na sufuria.

Nusa. Kamba mzuri hunuka bahari. Ukisikia harufu kali ya kuchoma pua, kama ya mkojo uliolala, mrudishie mwenyewe hata kama amekupunguzia bei. Mguse: awe mgumu, gamba limemshika, kichwa hakining'inii. Akiwa na utelezi, mwache. Weusi kidogo kichwani peke yake haumaanishi ameoza. Huo ni mabadiliko ya kawaida gambani baada ya kamba kufa, na hauna sumu. Pua ndiyo iamue.

Nenda sokoni na chombo chenye barafu. Joto la hapa likipita nyuzi 32, chakula kibichi cha baharini kisikae nje zaidi ya saa moja. Kukiwa na ubaridi, saa mbili. Ukifika nyumbani, wasafishe na uwapike siku ileile, au wakae ndani ya friji isiyozidi nyuzi 4 kwa siku moja, mbili zikizidi. Waliogandishwa wayeyushie ndani ya friji, au kwenye maji baridi wakiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Ile ya kuwaacha juu ya meza ukaenda kufua, hapana. Stima ikipotea, usilifungue friji ovyo: likibaki limefungwa hushika baridi kwa takriban saa nne.

Ubao na kisu vilivyokatia kamba wabichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa tungule za kachumbari. Nilimwona mama mmoja akivipangusa kwa leso. Tulicheka, kisha tukaosha.

Je, kuwaloweka kwenye ndimu kunaua viini?

Hakuui vya kutosha. Ndimu huigeuza nyama rangi ikafanana na iliyopikwa, lakini bakteria wengi huvumilia ile asidi. Ndimu ni ya kutoa shombo, kuua viini ni kazi ya moto.

Nina kolesteroli. Daktari aliniambia niwe mbali na kamba.

Fuata ya daktari wako, maana yeye amekupima. Mimi nitakwambia kilichomo. Gramu 100 za kamba waliopikwa zina takriban miligramu 190 za kolesteroli, karibu sawa na yai moja kubwa. Mafuta yao lakini ni machache mno, kama gramu moja. Kolesteroli nyingi ya mwilini hutengenezwa na ini lenyewe, na kwa watu wengi kinachoipandisha zaidi ni mafuta yale yanayoganda: samli, siagi, mafuta ya nyama, na tui zito. Ndiyo, tui letu. Sitawaambia watu wa pwani waache nazi, nitafukuzwa mjini. Ila kamba waliopitishwa kwenye uto vijiko vitatu na kamba wa tui zito ni vyakula viwili tofauti kwa mwenye tatizo hilo. Ukienda kliniki tena, muulize daktari kuhusu namna ya kupika pia, usiishie kwenye jina la chakula.

Na mwenye jongo? Huyo awe makini, kwa sababu viumbe vya baharini vina vitu vinavyoongeza asidi ya yuriki, ile inayoleta maumivu ya viungo. Siku kidole gumba cha mguu kimevimba, asile kamba kabisa.

Mwenye presha?

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula siku nzima, mkate na bisikuti zikiwemo. Waitaliano hutia karibu gramu 10 kwa kila lita ya maji ya tambi. Nyumbani, kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima kinatosha, na kwenye sosi nusu kijiko, au usitie kabisa ikiwa utatumia maji ya tambi yenye chumvi. Vile vidonge vya supu vya dukani viache dukani. Thomu, pilipili manga na ndimu vitaziba pengo. Ulimi hulalamika wiki mbili tatu, kisha huzoea.

Ni kweli mchicha unaongeza damu?

Una madini ya chuma, lakini ya aina ambayo mwili huyapata kwa shida. Ndimu na tungule huyafungulia njia, na nyama ya samaki au kamba pia husaidia. Chai huyazuia. Sisi tuna tabia ya kushushia kila chakula kwa chai ya rangi. Isubirishe saa moja. Nayo vitamini A ya mboga za majani huhitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe, kwa hiyo mchicha uliochemshwa mtupu kwa ajili ya "afya" haukupi kila ulicho nacho.

Matembele yanafaa vilevile. Mchunga pia, kama unapenda uchungu wake, ila uchemshe kwanza umwage maji.

Aliyepungukiwa damu hasa, na mjamzito, mchicha haushiki nafasi ya vidonge alivyopewa kliniki. Aliyewahi kupata mawe ya figo auchemshe mchicha amwage maji, kwani una oksaleti nyingi, kitu kinachochangia kujenga mawe hayo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asile mafungu matatu leo na kukaa wiki mbili bila mboga: kiasi kisipandepande na kushuka, na amweleze daktari.

Mjamzito aruhusiwe kamba?

Aruhusiwe, wakiiva. Kamba, ngisi na dagaa wana zebaki (madini yenye sumu) kidogo tu. Wa kuepuka ni wale wakubwa wanaokula wenzao: papa, na sulisuli anayewafurahisha wavuvi wa kitalii hapa.

Mtoto wangu akila kamba huvimba midomo.

Asile tena mpaka apimwe, hata wa kukaushwa, hata mchuzi uliopikiwa kamba. Kuwapika sana hakuondoi kinachomdhuru. Mzio huu unaweza kumjia hata mtu mzima aliyekula kamba maisha yake yote. Ngozi ikiwasha ni onyo. Pumzi zikibana, sauti ikikwama au akizirai, asingojee dawa ya kunywa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, anahitaji sindano ya adrenalini.

Samaki na maziwa si vinaleta mabaka?

Havileti. Mabaka meupe yana sababu zake, na maziwa hayamo. Krimu kwenye sosi iache kwa sababu ya mafuta yake. Na jibini juu ya kamba, Waitaliano wenyewe wengi hawaitaki.

Ikibaki, watoto wabebe shuleni kesho?

Hapana, isipokuwa shule ina friji. Kiporo kiingie friji ndani ya saa moja au mbili, kikiwa kimetandazwa kwenye chombo kipana kipoe haraka. Kesho kipashwe moto mara moja tu, hadi kifuke mvuke mpaka katikati, kiliwe palepale. Watoto waandalie mahamri.