Athari ya waasisi si ndoa za ndugu

Juzi nimelisikia tena, safari hii redioni: kisiwa fulani cha mbali kina maradhi yake ya kurithi, na mtangazaji akamalizia, "Ndiyo matokeo ya kuoana wenyewe kwa wenyewe." Hapana. Jambo hilo huitwa athari ya waasisi: watu wachache wakianzisha jamii, vinasaba vya wazao wote hutoka kwa hao tu, hata vile vilivyokuwa adimu. Wachache hao wakiwa ni mabaki ya balaa, wataalamu husema shingo ya chupa, lakini hesabu ni ileile.

Nadhani neno mwasisi nalo linatupoteza. Lina mzizi mmoja na asasi, neno la Kiarabu lenye maana ya msingi, na tumelizoea kwa heshima: waasisi wa taifa, waasisi wa chama, watu waliokaa wakakusudia. Mwasisi wa vinasaba hakukusudia kitu. Alisalimika tu.

Pingelap ni kisiwa kidogo cha matumbawe huko Mikronesia. Mnamo 1775 hivi kilipigwa na tufani, wakabaki watu kama 20. Mmoja wao, inadhaniwa ni mtawala wao Mwanenised, alikuwa na nakala moja yenye kasoro ya jeni iitwayo CNGB3. Mwenyewe aliona vizuri, maana kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama, na moja tu yenye kasoro haimdhuru; mpaka ziwe zote mbili. Ila mmoja katika 20 ni sehemu kubwa mno. Leo, katika kila Wapingelap 100, watano hadi kumi hawaoni rangi yoyote. Kwingine duniani ni kama mmoja katika 30,000. Mchana utawaona wamekunja uso, wanapepesa macho, jua linawaumiza. Giza likiingia wanatulia. Kwa lugha yao hali hiyo ni maskun, kutoona.

Sasa ndoa. Ndoa haiumbi jeni. Hukutanisha nakala mbili ambazo tayari zipo. Tufani ingewaacha watu 20 wengine, wajukuu wao wangeoana vivyo hivyo, na pengine maskun isingejulikana kisiwani. Tena kijana wa Pingelap anaweza kukwepa kila binamu anayemjua, akaoa mbali kadiri kisiwa kinavyoruhusu, na bado yeye na mkewe wakawa wamerithi nakala ya mtu yuleyule. Hakuna mwiko uliovunjwa hapo.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, habari hiyo ikirudi mezani kwako, sema tu kwamba waliobaki walikuwa wachache.