Baada ya Kugundulika na Kisukari: Kwa Nini Wengi Hawarudi Kliniki

Katika kliniki ya kisukari ninakohudumu kama daktari hapa Tanzania, mgonjwa anayenitia wasiwasi kuliko wote ni yule aliyegundulika juzi, akapewa metformin na tarehe ya kurudi baada ya mwezi mmoja, kisha asionekane tena. Wengi hudhani kwamba ameshindwa na bei ya dawa, ilhali metformin ni miongoni mwa dawa za bei nafuu tulizonazo. Kinachomlemea ni nauli, kibarua cha siku nzima anachokikosa na, zaidi ya yote, vipimo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini hata mwenye kadi ya bima hujilipia nauli.

Mashine ya kupimia sukari nyumbani hununuliwa mara moja, ila vijiti vyake huisha, na kwa kawaida vya kampuni moja havifanyi kazi katika mashine ya kampuni nyingine. Ndiyo maana madaftari mengi ya kuandikia sukari ninayoletewa yana vipimo vya tarehe za kliniki peke yake, nami hulazimika kupanga dozi ya mwezi mzima kwa namba moja. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, kingetusaidia sana, lakini zahanati nyingi hazina.

Kikwazo kingine tumekiweka sisi wenyewe. Mgonjwa huagizwa aje bila kula kwa angalau saa nane, kwa hiyo anayetoka mbali huondoka nyumbani saa kumi alfajiri na kukaa kwenye foleni mpaka saa tano. Kama alimeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, kabla ya kutoka, sukari inaweza kumshuka palepale kwenye benchi, akaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Binafsi naona wanaotoka mbali wapimwe kwanza, wanywe chai, ndipo wasubiri daktari.

Insulini ina mambo yake. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8, na asiye na friji hutumia chungu chenye maji, ambacho hupunguza joto ingawa hakifikii kiwango hicho. Tena wapo wanaoikataa kwa kuamini kwamba sindano ni ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Siku hizi, kabla sijaandika dawa, humuuliza mgonjwa mpya nauli yake ni kiasi gani. Akiwa wa mbali, na hali yake ikiruhusu, humwandikia dawa za miezi miwili, zikiwapo kwenye dirisha la dawa, na katikati hapo hupimwa sukari kwenye zahanati ya kwao.