Maonyesho ya Texas si ya serikali ya jimbo

Wiki hii nimeulizwa tena serikali ya Texas inatenga fedha kiasi gani kuendesha Maonyesho ya Jimbo la Texas (State Fair of Texas), yanayofanyika Dallas kila vuli. Nimechoka kujibu hili kwa faragha, basi nalijibu hadharani. Maonyesho ya Jimbo la Texas yanaandaliwa na shirika binafsi lisilogawana faida. Uwanja, yaani Fair Park, ni mali ya Jiji la Dallas. Hao ni wahusika wawili tofauti, na serikali ya jimbo haimo kati yao.

Mtanzania aliyezoea Nane Nane, ambako wizara na mikoa ndio wenyeji, namwelewa anapokosea. Mkenya aliyekulia kwenye maonyesho ya ASK, yaani Chama cha Kilimo cha Kenya kilichoanza 1901, ambako mwenyeji ni chama wala si wizara, angepaswa kuling'amua mapema zaidi.

Chanzo ni wafanyabiashara. Mwaka 1886 kundi la akina William Gaston lilichagua ekari 80 mashariki mwa mji. C. A. Keating, muuza zana za kilimo, alikataa: udongo mweusi wa pale hunata vibaya mvua ikinyesha. Yeye na wenzake wakajitenga na kundi la Gaston, na mwezi Oktoba Dallas ikawa na maonyesho mawili yaliyofunguliwa kwa kupishana siku moja. Mwaka uliofuata waliungana.

Mbio za farasi ndizo zilizoingiza fedha. Hapa ndipo watu wanaporuka, nami nasisitiza wasiruke. Mwaka 1903 bunge la Texas lilipiga marufuku kamari ya mbio hizo. Waandaaji, waliokuwa na madeni tayari, wakaishiwa pumzi, na 1904 wakaliuzia jiji uwanja, kwa makubaliano kwamba maonyesho yataendelea kufanyika pale kila vuli. Kwa hiyo kitendo kikubwa cha jimbo katika hadithi hii ya umiliki kilikuwa kukata mapato. Ni kweli pia kwamba jimbo lilijenga Hall of State kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 100 ya Texas, 1936. Jengo moja halimfanyi mtu kuwa mwenye kiwanja.

Kosa la pili linaniuma zaidi, maana kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya zamani: eti Fair Park yote ilijengwa 1936. Msanifu George Dahl, aliyeandaa uwanja kwa maadhimisho hayo, alikuwa na muda mfupi mno. Alichukua majengo yaliyokuwapo akayavisha sura mpya. Centennial Building ni la 1905. Ukumbi wa 1910 ukageuzwa kuwa ofisi za utawala. Uwanja wa mpira, Cotton Bowl, ulikuwapo tangu 1930.

Wala si kila cha 1936 kilichobaki. Hall of Negro Life, ukumbi ulioonyesha kazi na sanaa za Wamarekani Weusi, ulibomolewa kabla ya maonyesho ya 1937, huku kumbi za jirani zikiachwa. Uamuzi ule ulikuwa wa aibu, na ramani za watalii hazina budi kuutaja. Makumbusho ya Wamarekani Weusi yalifunguliwa humo humo Fair Park mwaka 1993.

Shaka yangu iko kwenye plasta. Ikipasuka kwenye jengo la 1905, tunarudisha sura ya Dahl, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoipa Fair Park hadhi ya eneo la kihistoria la kitaifa mwaka 1986. Nakubaliana na utaratibu huo. Lakini kila tunapoziba ufa, ukuta wa kwanza unafichika tena, na bado sijashawishika kwamba hatuwezi kuacha hata kipande kimoja wazi watu wakione.