Je, kuna msusi mwenye mkono wa kukuza nywele?

Wateja wengi wa saluni Moshi huamini wapo wasusi wenye mkono wa kukuza nywele: akikusuka huyu zinarefuka, akikusuka yule zinagoma. Wengine hupanda daladala kutoka Himo hadi Majengo kumfuata mmoja tu.

Unywele huota kwenye mzizi ulio chini ya ngozi, wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, na mkono wa msusi haufiki huko. Kinachotofautiana ni kukatika. Asiyekaza sana na anayechana kuanzia nchani hukuachia urefu ulioota, kwa hiyo sifa zake si za bure. Anayekaza mno huvuta mzizi; nywele za mbele zikivutwa miaka mingi huweza zisirudi.

Ukifumua, kagua zilizobaki kwenye chanuo. Zenye kitone cheupe mwishoni zimetoka nzima, na nyingi zilishamaliza muda wake. Vipande vifupi visivyo na kitone vimekatika. Hivyo ndivyo vya kumwonyesha msusi wako.

Na usingoje vipele vitoke. Ukiwa bado kitini sema, “Dada, hapa mbele legeza kidogo.” Wengi hulegeza bila kinyongo, kufumua upya ndiko kunakowachosha.