Vidonge havisafishi ubongo

Sokoni Mbuyuni, Moshi, mama anayeuza ndizi mshare alinionyesha kopo la vidonge vya vitamini. Amelinunua kwa pesa za mikungu miwili, "kufukuza radikali huru zisiingie kichwani", yaani molekuli zisizotulia zinazoweza kuumiza seli. Iliniuma. Imani hii ni ya miaka mingi, nayo inaanza na kosa: radikali huru si sumu ya nje tu. Mwili huzitengeneza wenyewe kila saa, na seli nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria.

Ni kweli zikizidi, kama baada ya kiharusi, zinaumiza. Kuta za mishipa myembamba ya ubongo ni seli zilizobanana kabisa, hata chumvi ya damu haipenyi ovyo. Radikali zikifurika hulegeza maungio hayo na kuamsha vimeng'enya vinavyomega utando ulio chini ya seli hizo. Mshipa unavuja, ubongo unavimba.

Lakini ukuta huohuo huchuja pia vidonge. Vitamini C huingia ubongoni kwa milango maalumu. Ziada huishia kwenye mkojo. Nchini Ufini, utafiti wa wanaume wavutaji sigara 29,133 ulionyesha mwaka 1994 kuwa waliomeza beta-karotini, kidonge kingine cha kuzuia radikali, walipata saratani ya mapafu zaidi.

Mama, mishipa hiyo inaharibiwa sana na presha. Kaipime zahanati.