Kiharusi: "Imeshapita, Acha Nilale Kidogo"

Dhana: Dalili zikiisha zenyewe, hatari imepita.

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mama kashika kikombe cha chai, mara kinamponyoka mkono wa kulia. Anataka kusema kitu, maneno yanatoka yamevurugika, mdomo umekwenda upande. Dakika 10 baadaye anaongea vizuri, mkono una nguvu, na nyumba nzima inashusha pumzi: ulikuwa uchovu tu.

Haukuwa uchovu. Hicho ni kiharusi kidogo: mshipa wa ubongo uliziba kwa muda, kisha damu ikapita tena. Kiharusi kikubwa chaweza kufuata, na siku 2 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Apelekwe hospitali palepale, hata kama anatembea mwenyewe na anasisitiza kuwa hana neno.

Dhana: Kama haumwi wala hajaanguka, si kiharusi.

Mara nyingi hakiumi kabisa, ndiyo maana watu hungoja. Mwambie atabasamu: uso umelegea upande mmoja? Afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele: mmoja unashuka wenyewe? Aseme sentensi fupi: inaeleweka? Ukiona moja tu kati ya hayo, na limeanza ghafla, ondokeni. Vivyo hivyo mtu akipoteza uwezo wa kuona ghafla, akayumba, au akapata maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata.

Dhana: Mpe aspirini haraka.

Viharusi vingi hutokana na mshipa kuziba, lakini vingine hutokana na mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ni picha ya CT ya ubongo inayoonyesha. Aliyepasukiwa na mshipa, aspirini inaweza kumzidishia kuvuja damu. Usimpe hata maji, maana koo huenda limelegea pia, yakaishia mapafuni.

Mpelekee daktari saa. Mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Aliyeamka tayari mkono hauinuki huhesabiwa tangu alipokwenda kulala akiwa mzima, si tangu alipoamka. Iandike hiyo saa, kwenye kiganja ikibidi.

Dhana: Ni ugonjwa wa wazee.

Umri huongeza hatari, ndiyo. Lakini vijana hukipata, na watoto pia, hasa wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Dhana: Presha ikishuka, dawa zimemaliza kazi.

Imeshuka kwa sababu unazimeza. Presha ya juu ndiyo kisababishi kikubwa cha kiharusi, na wengi hawaihisi mwilini. Ukiona namba nzuri kwenye mashine, endelea na kidonge chako cha kesho. Kama kinakusumbua, mwambie daktari akubadilishie, usikiache kimyakimya.