"Tumbili wote walipona": swali linalonichosha kuhusu dawa za Ebola

"Daktari, kama tumbili wote walipona, mnasubiri nini?" Wiki iliyopita nimeulizwa tena, katikati ya semina ya wauguzi, na muuliza swali kanionyesha habari yenyewe kwenye simu. Sasa nalijibu kwa maandishi, nikiulizwa tena niwe natuma haya.

Dhana: Dawa iliyookoa tumbili wote itaokoa na watu.

Chukua ZMapp. Katika utafiti wa 2014, tumbili 18 walidungwa virusi vya Ebola, kisha wakaanzishiwa mchanganyiko huo wa kingamwili (protini zinazokamata virusi) siku ya 3, ya 4 au ya 5. Wote wakapona. Ukaja mlipuko wa mashariki mwa Kongo na jaribio la PALM, lililolinganisha dawa za Ebola kwa wagonjwa, 2018 hadi 2019: kati ya wagonjwa waliopewa ZMapp, asilimia 49.7 walifariki. Waliopewa mAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya manusura wa Ebola ya Kikwit, Kongo, ya 1995, walifariki asilimia 35.1. Na mAb114 nayo ilishaokoa tumbili! Wanyama walituambia zote mbili zinafaa. Ipi inaizidi nyenzake, hilo walituambia watu.

Tofauti kubwa iko kwenye saa. Maabara huanza kuhesabu pale sindano inapochomolewa. Mgonjwa wa Beni au Butembo, nani aliandika siku aliyoambukizwa? Kakaa na homa nyumbani, kapita duka la dawa, katibiwa malaria, ndipo kaletwa. Katika PALM, wenye virusi vingi mwilini zaidi ya nusu walifariki hata kwa dawa mbili zilizoshinda, yaani mAb114 na REGN-EB3; wenye virusi vichache, kama 1 kati ya 10. Ndiyo maana nawasumbua wauguzi hadi wananicheka: tarehe homa ilipoanza, iandike juu kabisa ya fomu, kwa wino unaosomeka. "Siku kadhaa" si tarehe.

Dhana: Ikiponya panya, inatosha.

Panya mzima wa kawaida haugui akipewa virusi vilivyotoka moja kwa moja kwa mgonjwa. Ama virusi vizoeshwe kwanza mwili wa panya, ama atumike panya asiye na kinga ya interferoni, ile ishara ya mwili ya kupambana na virusi. Huo ni mchujo wa kwanza tu.

Dhana: Basi wanyama waachwe, tujaribu kwa watu moja kwa moja.

Na dozi ya kuanzia utaipata wapi, kwa kupiga ramli?

Dhana: Dawa ya Ebola ni dawa ya homa zote za kutoka damu.

Hii naisikia sana tangu Marburg ilipozuka Kagera 2023. mAb114 hushika Ebola ya aina ya Zaire peke yake. Ile ya aina ya Sudan, iliyozuka Uganda 2022, haiigusi, sembuse Marburg. Rwanda ilipopata Marburg 2024, wagonjwa walipewa remdesivir, dawa ya kuzuia virusi kuzaliana, pamoja na kingamwili nyingine kabisa, MBP091.